Kabla ya Kununua Rimu Nyepesi kwa Gari Lililoshushwa

Saluni za kasi zilizoingia nchini Kenya kutoka Japani zikiwa zimekwisha kutumika, kama vile Subaru Impreza WRX, Mitsubishi Lancer Evolution na Toyota Mark X, mara nyingi hazikai muda mrefu katika hali zilizotoka nayo kiwandani. Mwenye gari hulishusha kwa springi fupi, kisha hutafuta rimu za aloi zilizo nyepesi na zenye sura ya kuvutia kuliko zile za awali. Hakuna ubaya katika jambo hilo. Hata hivyo, rimu ni sehemu inayobeba uzito wote wa gari na watu waliomo, na ikivunjika katika mwendo wa kasi, dereva hapewi nafasi ya kusahihisha kosa la mnunuzi. Makala haya yanaeleza namna ya kutambua rimu iliyo nyepesi kwa sababu imetengenezwa kwa ustadi, na ile iliyo nyepesi kwa sababu metali imepunguzwa mahali ilipohitajika.

Faida ya wepesi na mipaka yake

Gurudumu, breki na vyuma vinavyoliunganisha gurudumu na gari huhesabiwa kuwa uzito usiobebwa na springi. Gari linapopita juu ya tuta, gurudumu hurushwa juu, na springi pamoja na shokomzoba hulazimika kulirudisha chini. Gurudumu zito huchelewa kurudi, na kwa muda huo tairi haishiki barabara ipasavyo. Aidha, gurudumu lazima lizungushwe na injini na kusimamishwa na breki. Kwa hiyo kilo moja iliyopunguzwa kwenye gurudumu huwa na athari kubwa zaidi kuliko kilo moja iliyopunguzwa kwenye buti.

Rimu ya aloi ya inchi 17 kwa kawaida huwa na uzito wa kati ya kilo 8 na 11. Zile bora zaidi hufika kilo 7 au hata chini kidogo. Dereva makini atahisi tofauti hiyo kwenye usukani na katika barabara yenye mawimbi. Asitarajie, hata hivyo, kwamba akiba ya mafuta itakuja kulipia bei ya rimu. Muuzaji anayetoa ahadi hiyo na aombwe aiandike kwenye risiti.

Wengi husahau tairi. Tairi ndiyo iliyo mbali zaidi na kitovu cha gurudumu, na ni huko ukingoni ambako uzito huisumbua injini zaidi. Mtu anayelipia rimu nyepesi, kisha akaifunika kwa tairi pana na nzito kuliko ya awali, huenda asibaki na faida yoyote ya kupima. Vivyo hivyo, rimu nzuri ya inchi 17 mara nyingi ni nyepesi kuliko rimu ya kawaida ya inchi 18. Anayetafuta wepesi kwa dhati asianze kwa kuongeza inchi.

Kusubu na kufua

Rimu nyingi za aloi hutengenezwa kwa kusubu, yaani aloi ya alumini huyeyushwa na kumiminwa katika kalibu. Njia hii ni nafuu, lakini metali iliyosubiwa huweza kubaki na vinyweleo vidogo ndani yake, na ili iwe imara ni sharti iwe nene. Njia ya pili ni kufua. Pande la alumini hukandamizwa kwa mashinikizo yenye nguvu kubwa hadi likapata umbo, na metali ikashikana zaidi. Rimu iliyofuliwa huweza kuwa nyembamba bila kupoteza nguvu, na hapo ndipo wepesi wa haki unapotoka. Ipo pia njia ya kati, ambapo rimu husubiwa kwanza, kisha sehemu ya pipa, ile inayoshika tairi, hupashwa moto na kuviringishwa kwa magurudumu ya chuma hadi ikawa nyembamba na ngumu. Rimu za namna hii hazina aibu yoyote, na kwa mnunuzi wa kawaida huenda ndizo zenye uwiano bora wa bei na uzito.

Tatizo ni uigaji. Rimu ya TE37 ya kampuni ya RAYS ya Japani, yenye mikono 6, ilianza kuuzwa mwaka 1996 na jina lake lilitokana na uzito wa kilo 3.7 wa saizi ya inchi 15. Umbo lake limeigwa mno. Rimu ya kuigwa huwa imesubiwa, na mtengenezaji wake huwa na mambo mawili ya kuchagua: aiache nene, nayo iwe nzito kuliko ile ya kiwandani uliyokuja kuibadilisha, au aipunguze metali ifanane kwa uzito, nayo iwe dhaifu. Ile ya kwanza hukupunja fedha. Ile ya pili ndiyo ya kuogopwa.

Kwa sababu hiyo, nenda dukani na mizani. Mizani ya kawaida ya kupimia uzito wa mwili yatosha. Linganisha uzito unaoupata na ule uliochapishwa na mtengenezaji kwa saizi hiyo hiyo. Muuzaji mwaminifu hatakasirika.

Alama zilizo nyuma ya rimu

Geuza rimu uangalie upande unaokaa ndani. Alama ya JWL humaanisha kwamba mtengenezaji anatamka kuwa rimu inatimiza kanuni za kiufundi za Japani. Alama ya VIA humaanisha kwamba majaribio yamethibitishwa na maabara iliyo huru na mtengenezaji. Majaribio yenyewe ni matatu: rimu hupindwa huku ikizungushwa mara nyingi, huviringishwa ikiwa imeshindiliwa uzito, na hupigwa ukingoni kwa uzito unaoangushwa kutoka juu. Jaribio hilo la tatu lafanana sana na kile ambacho shimo la barabarani huifanyia rimu. Alama peke yake hughushiwa kwa urahisi. Kwa hiyo itafute pamoja na jina la mtengenezaji, saizi, na uwezo wa kubeba. Rimu isiyo na maandishi yoyote nyuma yake isinunuliwe, hata kwa bei ya kutupa.

Uwezo wa kubeba huandikwa kwa kilo au kwa pauni, na pauni 1,500 ni takribani kilo 680. Hesabu yake ni rahisi, lakini hukosewa. Tuseme uzito wa juu unaoruhusiwa wa gari ni kilo 1,900, na ekseli ya mbele inaruhusiwa kubeba hadi kilo 1,000. Anayegawanya 1,900 kwa 4 hupata 475, na anakosea, kwa kuwa mzigo hauenei sawasawa. Kila rimu ya mbele yapaswa kuwa na uwezo usiopungua kilo 500. Tairi nayo ina namba yake ya mzigo: 87 ni kilo 545, na 91 ni kilo 615. Usishuke chini ya ile iliyotajwa katika kibandiko cha mlangoni au katika kitabu cha gari.

Vipimo vya kufunga

Hapa ndipo fedha nyingi hupotea, kwa kuwa rimu huweza kufungika na bado isiwe ya gari hilo.

Kipimo cha kwanza ni mpangilio wa bolti. 5×100 humaanisha bolti 5 katika duara lenye kipenyo cha milimita 100, na 5×114.3 ni duara kubwa zaidi. Impreza WRX za mwanzoni mwa miaka ya 2000 zina 5×100, ilhali WRX STI kuanzia modeli ya mwaka 2005 ina 5×114.3. Magari mawili yanayofanana machoni, na rimu zisizobadilishana. Hatari zaidi ni 5×112, inayotumika katika Mercedes-Benz na Audi nyingi. Tofauti yake na 5×114.3 ni milimita 2.3 tu, na wapo mafundi wanaozilazimisha nati ziingie. Bolti zilizofungwa hivyo huvutwa upande kila gurudumu linapozunguka, na mwisho wake ni kukatika.

Cha pili ni tundu la katikati, linalokaa juu ya habu. Toyota Mark X ina habu ya milimita 60.1, Subaru 56.1, na Lancer Evolution 67.1. Rimu za soko huru hutobolewa tundu kubwa, mara nyingi 73.1, ili ziingie magari mengi. Pengo linalobaki huzibwa kwa pete maalumu, ambayo ni ya bei ndogo. Bila pete, gurudumu haliketi katikati na usukani hutetemeka. Wengi wamelipia kusawazishiwa magurudumu mara tatu au nne kwa sababu ya pete ambayo hakuna aliyewaambia inahitajika.

Cha tatu ni nati. Rimu nyingi za Toyota za kiwandani hutumia nati zenye kikalio bapa, ilhali rimu nyingi za soko huru zimechongwa kwa nati zenye ncha ya pia. Nati bapa katika tundu la pia hugusa sehemu ndogo tu na hulegea. Tena nyuzi hutofautiana: Toyota nyingi ni M12×1.5 na Subaru ni M12×1.25. Rimu mpya, basi, hudai nati zake, na gharama hiyo iulizwe kabla ya kupatana bei.

Cha nne ni ofseti, nacho kwa gari lililoshushwa kina uzito kuliko vyote. Ofseti ni umbali kati ya mstari wa katikati wa upana wa rimu na uso wake unaokutana na habu. Kadiri namba inavyopungua, ndivyo gurudumu linavyotoka nje. Chukua Impreza yenye rimu ya awali ya upana wa inchi 7 na ofseti ya +53. Rimu ya inchi 8 yenye ofseti ya +45 itatokeza nje milimita 20.7 zaidi, na itasogea ndani kuelekea shokomzoba kwa milimita 4.7. Ikiwa ofseti ni +35, itatokeza nje milimita 30.7. Gari lililo katika kimo chake cha kawaida huenda likavumilia. Lililoshushwa litakata tairi kwenye ukingo wa madigadi mara tu abiria wawili watakapoketi nyuma. Kulitoa gurudumu nje sana pia huzidisha mzigo wa beringi na kubadili tabia ya usukani.

Gari lililoshushwa barabarani kwetu

Springi fupi hupunguza nafasi ya gurudumu kupanda kabla ya kugonga kizuizi chake cha mwisho. Mshtuko ambao springi haikuumaliza huenda kwenye tairi, na ule ambao tairi haikuumaliza huishia kwenye rimu. Tairi ya 205/55R16 ina ukuta wa takribani milimita 113. Katika 215/45R17 ukuta ni milimita 97, na katika 225/40R18 ni 90. Mwenye gari aliyeshusha springi na kupanda hadi inchi 18 amepunguza vinga viwili kwa pamoja, na rimu ndiyo inayobaki kupokea tuta lisilo na alama usiku. Kwa matumizi ya kila siku, ushauri wetu ni inchi 16 au 17, kwa sharti kwamba rimu inazipita kalipa za breki bila kuzigusa.

Lishushe gari kwanza, ulifanyie alaimenti, ndipo upime rimu. Orodha za wauzaji zinazosema rimu fulani inaingia gari fulani hukadiria gari lililo katika kimo cha kiwandani. Omba rimu moja yenye tairi ifungwe mbele, kisha nyuma, kabla ya kulipa. Usukani uzungushwe hadi mwisho pande zote mbili, gari likiwa na watu watano ndani, na upitishe kidole kati ya tairi na madigadi, na kati ya tairi na shokomzoba. Kidole kisipopita, rimu hiyo si yako. Usikubali kutulizwa kwa ahadi kwamba ukingo wa madigadi utakunjwa baadaye, isipokuwa kazi hiyo na bei yake vimeandikwa.

Rimu za mitumba na haki ya mnunuzi

Rimu iliyotumika ya mtengenezaji bora huweza kuwa chaguo la busara kuliko rimu mpya ya kuigwa. Ikaguliwe bila tairi, izungushwe kwenye mashine ya kusawazishia ili kuona kama imepinda, na ukingo wa ndani uangaliwe kwa tochi. Nyufa ndogo huanzia huko. Alama ya kuchomelewa, hasa karibu na mikono au kwenye pipa, ni sababu ya kuikataa. Rangi mpya upande wa ndani ambao hauonekani barabarani ina jambo inaloficha, na muuzaji aulizwe ni lipi.

Ibara ya 46 ya Katiba ya Kenya humpa mtumiaji haki ya bidhaa zenye ubora unaostahili, haki ya kupata maelezo ya kumwezesha kufaidi bidhaa hizo, na haki ya fidia kwa hasara au madhara yatokanayo na kasoro. Sheria ya Kulinda Watumiaji ya mwaka 2012 nayo hukataza maelezo ya uongo au ya kupotosha kuhusu bidhaa. Maandishi ya ukutani yasemayo bidhaa zikiuzwa hazirudishwi hayaifuti haki hiyo pale rimu inapokuwa na kasoro au si ile iliyotajwa. Lakini haki huhitaji ushahidi. Risiti itaje jina la mtengenezaji, saizi, ofseti, mpangilio wa bolti, kama rimu ni mpya au imetumika, na kama imesubiwa au imefuliwa. Neno “original” likiandikwa peke yake halimfungi mtu. Piga picha ya maandishi ya nyuma ya kila rimu kabla tairi hazijavalishwa, na uijulishe kampuni ya bima kuhusu mabadiliko uliyofanya.

Nati zikazwe kwa spana ya kupimia nguvu, kwa kiwango kilichotajwa katika kitabu cha gari, ambacho kwa saluni nyingi za Kijapani ni takribani nyutonimita 100. Baada ya kilomita 50 hadi 100 zipimwe tena, kwa kuwa rimu mpya huketi na nati hulegea kidogo. Rimu za kiwandani na nati zake ziwekwe stoo angalau kwa miezi michache ya kwanza. Iwapo rimu mpya itabidi irudishwe, gari litahitaji kusimama juu ya kitu.