Umemtafuta yule kijana wa spika?

Jumapili saa moja asubuhi, kabla kwaya haijafika, kuna kijana anapangusa viti vya plastiki na kuvuta nyaya za spika. Unamjua. Ibada ikishika moto, makofi yote ni ya mwenye maiki. Yeye hukumbukwa sauti ikikwaruza tu, na hapo shingo zote hugeuka nyuma!

Usidhani mambo haya yalianza jana. Wakristo wa Korintho walivimbiana kwa sababu ya vipawa hadi Paulo, katika sura ya 12 ya waraka wake wa kwanza kwao, akawafananisha na mwili ambao kila kiungo kinakitegemea kingine.

Lakini mimi hunibamba zaidi Warumi 16. Wengi huiruka, eti ni majina matupu. Isome polepole. Yupo Fibi, mhudumu wa kanisa la Kenkrea, aliyewasaidia wengi, Paulo mwenyewe akiwemo. Kisha katikati ya salamu anachomoza Tertio, anasalimu na kusema yeye ndiye aliyeuandika waraka huo. Kumbe Paulo alikuwa akitamka, mwenzake ameshika kalamu! Kazi ya mkono tu, na jina lake tunalo hadi leo.

Sasa, yule msee wa spika mbona haonekani mwezi wa pili huu? Zamu ilitumwa kwenye WhatsApp ya vijana, hakujibu, akawekwa mwingine. Basi, ikaishia hapo. Namba yake unayo. Mpigie leo, na usianze na habari za nyaya.