Bima ya afya: simu inataka kazi ya ajenti, lakini ni nani atajibu?

Huku Masisi na Walikale, mwenye kuitisha mchango wa mituweli ya afya ni mtu tunayemjua. Anapita siku ya soko na kaye mkononi, anauliza uko na watoto wangapi, anaandika majina, anapokea franga, anatoa risiti. Ukikosa kulipa mwezi huu, atakuja tena. Ukimkimbia, atamuuliza mama mkwe wako.

Sasa mshindani wake ameingia: simu. M-Pesa iko Congo toka 2012, Airtel Money na Orange Money ziko pia, na kuuza bima kwa kubonyeza namba si ndoto tena. Sheria nayo imefungua mlango. Kwa miaka mingi bima yote ilikuwa ya SONAS peke yake. Sheria ya 17 Machi 2015 ikavunja hiyo, na mwaka 2019 ARCA, yenye kusimamia bima, ikatoa ruhusa kwa kampuni za kwanza za watu binafsi. Mituweli zikapata sheria yao tarehe 8 Februari 2017.

Tuseme ukweli: simu ina haki yake. Mwenye kukusanya michango toka Nyabiondo ao Pinga anatembea na franga za watu mfukoni, na kila msomaji anajua barieri za njia hizo. Franga zikipita kwa simu, hakuna wa kuzinyang'anya njiani, na alama ya malipo inabaki. Tena kuna maajenti waliokula michango. Hilo halifichiki, vijiji vingine vimekataa mituweli kwa sababu hiyo tu.

Lakini kupokea franga ndiyo sehemu ndogo ya kazi ya ajenti. Kazi kubwa ni kueleza. Kwamba ukiingia leo, hautatibiwa leo, kuna muda wa kungoja, la sivyo kila mtu angengoja augue ndipo alipe. Kwamba mituweli inalipa sehemu ya fakture, na sehemu nyingine inabaki juu yako. Kwamba mtoto aliyezaliwa baada ya kadi kutoka lazima aandikwe. Kwamba kadi inapokelewa kwenye hospitali fulani, si kila dispansari ya pembeni ya njia. Maneno haya hayaingii kwenye mesaji mbili za simu, na mama asiyejua kusoma hata hizo mbili hazimsaidii.

Halafu kuna siku ya fakture. Mama amezala kwa kupasuliwa, amepona, lakini hospitali haimwachi kurudi nyumbani kwa sababu deni halijalipwa. Mambo hayo tunayajua Congo nzima. Mwenye ajenti anamwita. Ajenti anapanda moto, anaenda kusimama mbele ya kontabule na kaye yake, wanabishana mpaka jina linapatikana. Mwenye kununua kwa simu anaita namba, anaambiwa abonyeze moja, kisha mbili, na inite zinaisha. Hapo bado hatujataja rezo, ambayo Walikale inaweza kukatika siku nzima.

Kenya imetuonyesha kitu. Tarehe 1 Oktoba 2024 SHA ilichukua nafasi ya NHIF, na kila mtu aliweza kujiandikisha mwenyewe kwa kubonyeza *147#. Hata hivyo wahudumu wa afya ya jamii walitumwa nyumba kwa nyumba kusaidia watu, maana maswali ya kupima mapato yaliwashinda wengi. Marekani pia, kwa Medicare, bima ya wazee wa miaka 65 na zaidi, maajenti wa mtaani wanashindana na wauzaji wa intaneti na wa simu. Bei ya mpango ule ule ni moja popote unaponunua. Malalamiko juu ya wauzaji wa simu yalipozidi, serikali iliagiza toka Oktoba 2022 kwamba mazungumzo ya kuuza yarekodiwe.

Kwa hiyo siye tunaona mituweli zigawe kazi: franga zipite kwa simu, kueleza na kujibu kubaki kwa ajenti. Na alipwe kwa wanachama wanaodumu, si kwa wapya tu, maana anayelipwa kwa wapya tu ataandika hata wafu. Shida nyingine haiko kwake: pale MSF inapotibu bure, kama hospitali ya Masisi inayosaidiwa toka 2007, ni nani atatoa mchango leo kwa ajili ya siku watakapoondoka? Hata ajenti hodari anaishiwa maneno hapo.

Na wewe, ukipata mesaji ya kukuuzia bima, mbele ya kuweka kode yako ya siri uliza mambo matatu: hospitali gani itapokea kadi yangu, nitaanza kutibiwa tarehe gani, na huku kwetu, katika gurupema yetu, ni nani nitamwita usiku kama wamenizuia hospitalini.