Kitabu Kipi Kinadumu?

Suala la vitabu ni suala la kisiasa. Kampeni ya elimu ya watu wazima ya miaka ya 1970 iliwafundisha mamilioni ya wakulima na wafanyakazi kusoma. Swali lililofuata lingali mbele yetu: umma usome nini, na kwa jicho gani? Makada wengi hulijibu kwa haraka. Vitabu vya kudumu, wanasema, ni vile vinavyofundishwa shuleni. Riwaya za kusisimua ni takataka za mjini. Sisi hatukubaliani na jibu hilo.

Shule haiwezi kuwa kipimo. Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi ilipotoka mwaka 1971 ilipigwa marufuku mashuleni, kisha baadaye ikawa kitabu cha kiada. Kitabu hakikubadilika hata nukta. Waliobadilika ni waamuzi. Umri nao hautoshi, kwani vitabu vingi vya zamani vimezeeka bila kudumu.

Tutazame Kusadikika ya Shaaban Robert, iliyochapishwa mwaka 1951. Karama anashtakiwa kwa sababu ametaka kuwafundisha watu sheria. Msomaji wa enzi ya ukoloni aliweza kumwona Gavana katika baraza lile. Uhuru ulipopatikana mwaka 1961 Gavana aliondoka, lakini kesi ya Karama haikufutwa. Iligeuka ikatuelekea sisi: je, Chama kikikosolewa na mwananchi kinamsikiliza, au kinamtafutia mashtaka? Kitabu kinachoweza kumhukumu hata yule anayekisifu ndicho tunachokiita cha kudumu.

Kipimo hiki tukipeleke Kasulu na Kibondo, katika nyanda za juu za Kigoma. Huko Buha, serikali ya kikoloni ilipafanya ghala la nguvukazi. Ofisi ya kuandikisha vibarua wa mkonge, SILABU, iliundwa mwaka 1944, na wanaume wa Kiha walisafirishwa hadi mashamba ya Tanga na Morogoro wakaitwa manamba, watu wa namba. Kisha, mwaka 1972, Operesheni Kigoma iliwahamisha wananchi kutoka katika makazi yao yaliyotawanyika na kuwapeleka vijijini. Wazee wanaokumbuka siku hizo wangali hai.

Gamba la Nyoka ya Kezilahabi, iliyotoka mwaka 1979, haiwazungumzii Waha. Mwandishi wake ni mtu wa Ukerewe. Lakini mpe kitabu hicho mzee wa Kasulu aliyehamishwa, naye atasoma habari zake mwenyewe: kijiji kinachogoma kuhama, nguvu inayotumika, vijana wasomi wanaouhubiri Ujamaa bila kuujua vizuri. Wakulima hawakupambwa wakawa malaika, wala viongozi hawakufanywa mashetani. Kada akikisoma hukosa raha, na inafaa akose, maana kinamwuliza alisimama wapi siku ile. Kukiita kitabu cha wapinzani ni njia ya kulikimbia swali hilo.

Na riwaya pendwa je? Wahakiki wetu wengi huzisoma usiku na kuzilaani asubuhi. Kufa na Kupona ya Elvis Musiba, ya mwaka 1974, ina sifa zake. Kiswahili chake ni chepesi, humvuta hata msomaji mchanga hadi ukurasa wa mwisho; tena inahusu jambo kubwa, yaani siri za wapigania uhuru wa kusini mwa Afrika katika siku ambazo Kamati ya Ukombozi ilikuwa na makao yake Dar es Salaam. Anayeilaani kwa ajili ya pombe na wanawake tu hajaihakiki, ameikemea.

Kasoro yake imo ndani zaidi. Adui ni majasusi, mwokozi ni Willy Gamba peke yake, na umma ambao ukombozi ni wake unakaa pembeni kama watazamaji wa mpira. Mwisho wake adui amekufa na msomaji analala usingizi mzuri. Hakuna swali lililobaki, ndiyo maana akimaliza hutafuta kitabu kipya badala ya kukirudia kile. Hivyo, katika mazungumzo ya vikundi vya kusoma tusianze na maadili ya shujaa. Tuulize ubaya ndani ya kitabu unatoka wapi, nani anauondoa, na yule anayebeba mizigo hotelini ana jina au hana.

Ben Mtobwa, mwana wa Kigoma aliyefariki mwaka 2008, alikuwa bingwa wa fani hii. Joram Kiango wake alipendwa sana. Mtu mwenye kipaji kama hicho ndiye anayefaa kuiandika safari ya manamba kutoka Kibondo hadi Tanga. Mashaka yote ambayo riwaya pendwa huyatafuta mjini yalikuwemo mle: wakala mwenye maneno matamu, mkataba usiosomeka, treni ya usiku, mtu anayetoroka shambani, na mke aliyebaki Buha asijue kama mumewe atarudi. Riwaya hiyo tungependa kuisoma, na tungependa iuzwe stendi ya Kasulu pamoja na zile nyingine.