Kunona kwa Kidonge Kunalaza Tezi Zako

Karao akichomoka kwa kona, ujipate umeshafika mtaa wa pili kabla hata ujue unahepa nini, hiyo kazi imefanywa na tezi mbili za adrenali. Ziko juu ya figo, kila moja ina karibu gramu 5 pekee. Ubongo ukishtuka, neva zinapiga hizo tezi na katikati yake inamwaga adrenalini kwa damu. Roho inadunda, mapafu yanafunguka, ini linatoa sukari, damu inahama tumbo iende misuli. Dakika chache tu, adrenalini imeisha.

Watu hubonga hiyo pekee. Mimi hunibamba zaidi ganda la nje. Hapo hutoka aldosteroni, yenye huambia figo ishike chumvi ndio presha isishuke, na hapo ndio hutoka kotisoli. Kotisoli hupanda alfajiri ukikaribia kuamka, usiku wa manane inakuwa chini kabisa. Bila hiyo hautoboi. Thomas Addison, daktari wa London, aliandika mwaka wa 1855 kuhusu wasee wenye walikuwa wanachoka, wanakonda, ngozi inakuwa nyeusi, halafu wanadedi. Kuwapasua, tezi zimeharibika. TB ilikuwa imekula za baadhi yao, na hadi leo TB huzila.

Sasa ngori yetu. Kuna madem na machali hapa mtaani wanameza deksamethasoni na prednisoloni ndio wanone, mashavu yajae. Hizo dawa hufanya kazi ya kotisoli, na deksa ina nguvu zaidi ya mara 20 ukiilinganisha na ile ya mwili. Ubongo hucheki damu kila saa. Ukiona imejaa hizo dawa, unaacha kutuma homoni ya kuamsha tezi, na ganda linaanza kusinyaa. Na huko kunona si afya, manze: mafuta yanajaa sura, tumbo na nyuma ya shingo, miguu inakonda, mifupa inalegea, sukari inapanda.

Halafu siku moja doh imeisha, msee anaacha ghafla. Tezi bado zimelala. Akishikwa na malaria ama apate ajali, mwili unataka kotisoli mob na hakuna. Anatapika, presha inaanguka, anazirai, anaweza kudedi hosi ikidhaniwa ni malaria tu, juu aliona aibu kusema alikuwa anameza nini. Hii inaniuma sana, juu dawa ya kumwokoa huwa iko pale pale hosi.

Kama tayari unazimeza, usikate siku moja. Enda umwambie daktari jina ya kidonge na umemeza kwa muda gani. Atakushusha pole pole, na tezi zinaweza kuchukua miezi kuamka. Wewe wenye uliandikiwa na daktari juu ya pumu ama ugonjwa ingine, fuata vile alisema. Na ukijipata emajensi, taja hizo dawa kabla ya kitu ingine yote.