Redio Inayotaja Mahali Ulipo: Faida Yake Mashindanoni na Wakati wa Dharura

Wapenzi wa redio ya ridhaa hushindana kuwasiliana na vituo vingi iwezekanavyo kwa muda uliowekwa. Katika mashindano mengi ya masafa ya VHF, mahali ulipo huchangia alama. Dunia imegawanywa katika miraba, kila mmoja ukiwa na nyuzi 2 za longitudo na 1 ya latitudo. Nairobi iko katika mraba wa KI88, mji wa Murang'a KI89, na ukivuka ikweta kuingia Nanyuki uko KJ80.

Nchini Marekani, mashindano ya VHF ya chama cha ARRL yana kundi la vituo vilivyo ndani ya magari. Gari likiingia mraba mpya, waliokwisha kuzungumza nalo huweza kulipata tena na kuongeza alama. Lakini antena nyingi za VHF huelekezwa upande mmoja. Usipojua gari liko wapi, utaita bila kujibiwa.

APRS hufanyaje kazi?

Mfumo huu ulibuniwa na mhandisi Mmarekani, Bob Bruninga. Kifaa cha GPS hutambua mahali, kisha redio hurusha taarifa hiyo kwa mlio mfupi wa data. Vituo vya kurudia vilivyo mahali pa juu huipeleka mbali zaidi, na vingine huiingiza kwenye ramani ya intaneti.

Mambo ya kuzingatia

- Taarifa ya mahali pekee haileti alama. Sharti pande zote mbili zisikilizane na kujibizana.
- Soma kanuni kwanza. Si kila shindano huruhusu mshiriki kujitangaza.
- Taarifa hizi si siri. Yeyote anaweza kuona ulipo, hivyo zima kifaa unapokaribia nyumbani.

Inamhusu vipi mwananchi?

Mafuriko yakiangusha mnara wa simu, redio hizi bado huonyeshana mahali zilipo bila mtandao wa simu wala intaneti. Msimamizi wa uokoaji huweza kujua kila gari limefika wapi. Aliyezoea mfumo huu mashindanoni hatajifunza upya siku ya maafa.

Kumbuka: kurusha mawimbi ya redio ya ridhaa kunahitaji leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano nchini (CA). Anayetaka kuanza aombe leseni kabla ya kuwasha mtambo.