Umeinua pikapu? Pima ndoano kabla ya kufunga trela

Ukiniambia unaenda Amu na pikapu nitacheka kwanza. Kisiwani mzigo ni wa punda, na gari lako litaishia gati la Mokowe, huku bara, uabiri boti kama sisi wengine. Lakini Mokowe, Hindi na Mpeketoni pikapu ndiyo mfalme, na siku hizi vijana wanazipandisha juu kweli kweli. Sio swaga peke yake. Mafuriko ya El Niño ya 2023 yalipokata barabara ya Garsen–Lamu, kila mwenye gari fupi alijua hajui.

Binamu yangu alitia springi na shoki mpya, Hilux yake ikapanda inchi nne. Akaposti picha, tukalaiki. Shida ilianza yeye na wenzake wawili walipochanga akiba yao yote, wakanunua boti ya fiba ya mtumba kule Kilifi, wapate kuvusha abiria kati ya Mokowe na Amu. Akafunga trela kwenye ndoano ileile ya zamani. Mimi nilikaa kiti cha mbele.

Mpaka Garsen, poa. Tulipokunja Minjila tukashika lami ya Lamu, jamaa akaongeza mafuta na trela ikaanza kutikisa mkia. Kushoto, kulia, kushoto. Pikapu nayo ikawa inavutwa huku na huku. Ndani, kimya. Alichofanya sawa ni kimoja tu: hakukanyaga breki ghafla, aliachia mafuta pole pole mpaka ikatulia. Tukashuka kuangalia. Pua ya trela imetazama juu kama jogoo anayewika.

Ndiyo hesabu yenyewe. Ukiinua gari, ndoano inapanda nalo. Trela inainama nyuma, uzito unahamia mkiani, na trela isiyo na uzito wa kutosha mbele huyumba. Inatakiwa asilimia 10 hivi ya uzito wa trela pamoja na mzigo ikalie ile gololi ya chuma. Kwa kilo 700, ni kama kilo 70.

Dawa ni ndoano ya kushuka: chuma chenye umbo la goti kinachochomekwa kwenye tundu la mraba chini ya bampa, kikaiteremsha gololi. Usinunue kwa macho. Simamisha pikapu pahali tambarare ikiwa na mzigo wake wa kawaida, upime kutoka ardhini hadi ukingo wa juu, ndani ya tundu. Kisha weka trela ilale sawa kabisa, upime hadi ukingo wa chini wa kile kikombe kinachofunika gololi. Toa. Sisi tulipata sentimita 66 na 46, kwa hivyo goti la kushuka 20.

Na goti refu lina bei yake, sisemi pesa. Kadiri linavyoshuka ndivyo linavyokunja tundu na chasi, kwa hivyo soma kilo zilizopigwa chapa kwenye chuma. Kiungo dhaifu ndicho kinachoamua. Hilux nyingi zinaruhusiwa kilo 750 tu kwa trela isiyo na breki, hata kama injini ina nguvu za kuvuta nyumba.

Fundi mmoja alitaka kutuchomelea goti la springi kuukuu. "Wanangu, hiki hakivunjiki." Chuma cha springi kikichomelewa ovyo hupata ufa kando ya weldi. Binamu akajibu, "Shukrani mzee, wacha tufikirie," ambayo kipwani maana yake ni hapana.

Gololi nayo iangalie. Kikombe cha milimita 50 juu ya gololi ya 47.6 kitafunga vizuri tu, mpaka siku ya tuta. Bolti zisome kichwani 8.8 au zaidi, na minyororo ya usalama ipishane chini ya kikombe. Ukishusha boti Mokowe, mwagia chuma chote maji baridi, chumvi haina urafiki.

Boti iko majini sasa, inavusha watu. Lile goti jipya linaning'inia chini hadi linakwaruza matuta ya Mpeketoni, kwa hivyo binamu analichomoa kila akimaliza kuvuta. Hulala nalo chini ya kitanda, anaogopa wezi.