Kijana Amechanganyikiwa, Hela Ni Kidogo: Muanzie Wapi?

Kijana wa miaka 19 hapati usingizi, anajibu sauti ambazo nyie hamzisikii, anakataa chakula kwa kuamini kimetiwa sumu. Ndugu mmechanga shilingi 200,000. Kwa Tanzania, anzieni hospitali ya wilaya au ya mkoa, wiki hii hii, kabla hamjauza kiwanja wala mbuzi.

Mganga wa kienyeji ndiye ghali kuliko wote. Huanza na kuku, na ikifika zamu ya mbuzi miezi imeshapita; ugonjwa wa akili wa namna hii ukikaa muda mrefu bila dawa huwa mgumu zaidi kutibika. Maombi yaendelee kwa anayeyaamini, mradi kijana anameza dawa, anakula, na hafungwi kamba.

Magonjwa ya akili yamo kwenye msamaha wa malipo katika vituo vya umma, kwa hiyo ulizeni msamaha dirishani kabla ya kutoa hela. Hela huvuja kwingine: nauli ya watu wawili, siku ya kibarua inayopotea, na dawa iliyoisha stoo mkaambiwa mkanunue nje. Vipimo vya malaria, VVU na kaswende msiviruke, maana maradhi hayo nayo huweza kuvuruga akili.

Sasa dawa. Haloperidoli ni ya bei nafuu na hupatikana kwa urahisi. Ila humfanya mtu akakamae, atetemeke au asitulie, hivyo wengi huongezewa benzheksoli. Pigeni hesabu ya dawa mbili. Shingo ikipinda au macho yakigeukia juu, mrudisheni siku hiyo hiyo.

Olanzapini kwa kawaida ni ghali zaidi. Humezwa mara moja usiku, huleta usingizi, na haikakamazi sana. Lakini huongeza hamu ya kula, unene na hatari ya kisukari. Kama hamtaweza kuinunua mwezi hadi mwezi, mwambieni daktari bila aibu; nafuu ile mnayoimudu mwaka mzima.

Sindano ya flufenazini huchomwa kila baada ya wiki 2 hadi 4. Inamfaa anayesahau au anayetema vidonge. Ubaya wake, ikimkakamaza haitoki mwilini haraka, ndiyo maana kwanza hujaribiwa vidonge.

Msimalize mchango wote mwezi wa kwanza. Kijana akipata nafuu, ndipo familia nyingi huacha dawa, na hapo ndipo hasara inapoingia. Utafiti wa Marekani uliochapishwa 1999 uliwafuatilia waliougua skizofrenia kwa mara ya kwanza: takriban 8 kati ya 10 walirudiwa na ugonjwa ndani ya miaka 5, na kuacha dawa kulikaribia kuongeza hatari hiyo mara 5. Wekeni akiba ya angalau mwaka mmoja, na akishatulia ombeni dawa za miezi miwili kwa safari moja.

Safari ya hospitali kubwa za Mirembe au Muhimbili iacheni mpaka wilaya au mkoa wawape rufaa. Lakini akisema anataka kujiua, au amekataa kabisa kula na kunywa, msingoje siku ya kliniki: mpelekeni hospitali iliyo karibu usiku huo huo, hata kwa bodaboda ya mkopo, mmoja wenu akae nyuma yake amshike.